Kiamaiko Pia ni Ardhi ya Mwenyezi Mungu

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi mtaani Kiamaiko, Nairobi, Jumapili moja baada ya swala ya Alasiri. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)



Ndugu zangu katika imani, wazazi wetu, dada zetu mlioko upande ule, na wewe ndugu msomaji utakayeyasoma maneno haya nyumbani ukingojea adhana ya Magharibi. Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha Ramadhani nyingine tukiwa wazima. Wako tuliofuturu nao mwaka jana ambao leo hawako nasi. Na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Kabla sijaanza niseme jambo moja. Mimi si sheikh. Ni ndugu yenu niliyezaliwa na kukulia hapa hapa, ploti ya nyuma ya soko la mbuzi, na wengi wenu mnamjua mama yangu kuliko mnavyonijua mimi. Nikikosea, masheikh wako hapa, watanirekebisha. Nimeombwa niongee na vijana, na mada niliyoichagua ni uzuri wa mahali tunapoishi.

Naona wengine mmeanza kucheka. Haya, chekeni, lakini mnisikilize.

Wiki iliyopita nilikuwa steji na vijana watano hivi, tunapiga gumzo tukingoja futari. Nikawaambia, kila mtu ataje mahali pazuri anapotamani kwenda. Mmoja akasema Diani. Wa pili akasema Lamu. Wa tatu akasema Dubai, naye hata ndege hajawahi kupanda. Wa nne akasema Zanzibar. Wa tano, ambaye wazazi wake wametoka Marsabit, akasema anatamani ukungu wa kule mlimani asubuhi. Nikawauliza, "Na hapa je?" Wakaniangalia kama mtu niliyewatukana.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuo, mtu akiniuliza naishi wapi nilikuwa namjibu, "Pangani, mbele kidogo." Mbele kidogo! Kumbe unapita Pangani, unaifuata Juja Road yote, unapita Mathare na Huruma, ndio unafika kwetu. Niliona haya kusema Kiamaiko, manake Nairobi nzima inaijua kwa jambo moja: mbuzi. Malori yanaingia usiku kutoka Moyale, Marsabit, Isiolo na kwingine kaskazini, alfajiri wenye bucha wanafika, na asubuhi nyama inasambaa jiji zima. Riziki yetu iko hapo, alhamdulillah. Lakini harufu tunaijua, matope tunayajua, na mtu akitaja kwetu hafikirii uzuri.

Sasa niwaeleze ni nani aliyenifumbua macho.

Mwaka 2009 ulikuwa mwaka wa ukame mkali, wazee mnakumbuka. Mifugo ilikufa sana kule kaskazini. Nyanya yangu, mama yake baba, aliletwa Nairobi mwaka huo kutibiwa macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona jiji. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafanya kazi kwa mtu mwenye bucha. Kazi yangu ya mwisho kila jioni, giza likishaingia, ilikuwa kubeba uchafu wa matumbo na damu iliyoganda kwa ndoo, kwenda kuumwaga mtoni. Hakuna aliyeniambia ni makosa. Kila mtu alikuwa anafanya.

Nyanya alipopata nafuu akasikia tunataja mto. Akataka apelekwe auone. Mama akamwambia, "Mama, hakuna cha kuona kule." Akashikilia. Basi nikamshika mkono, tukateremka polepole mpaka ukingoni mwa Mto Mathare. Akasimama, akaziba pua kwa mtandio, akatazama maji yakipita. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Huu mto hukauka mwezi gani?"

Nikamwambia, "Nyanya, haukauki."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Akauliza tena, kana kwamba hakunisikia. Kisha akaanza kunihadithia visima vya kwao. Ni visima virefu kwenda chini, na wanaume hujipanga ndani yake mmoja juu ya mwingine kama ngazi, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu, na huwa wanaimba ili mikono isichoke. Ng'ombe wanaijua ile sauti, wakiisikia wanakuja. Akaniambia, "Sisi tunaimba tukichota ndoo moja. Nyinyi mmeletewa mto mpaka mlangoni, mnaziba pua. Umewakosea nini mpaka mkaufanyia hivi?"

Sikuwa na jibu. Na siwezi kuwadanganya katika mwezi kama huu: usiku ule ule nilibeba ndoo zangu nikaenda kumwaga kama kawaida. Nilihitaji ile pesa. Lakini toka siku hiyo kila nikimwaga nilisikia lile swali. Ilinichukua miezi kadhaa kuiacha kazi ile, na miaka kadhaa kuweza kusimama hapa nikalisema mbele ya watu.

Ndugu zangu, tuangalie dini yetu inasema nini. Katika Suratul Ghaashiya tunaelekezwa tumtazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Sasa fikiria, walioambiwa maneno hayo kwanza walikuwa watu wa jangwani. Hawakuambiwa wasafiri mbali wakatafute mandhari. Walielekezwa kwa mnyama waliyempanda kila siku na anga iliyokuwa juu ya vichwa vyao. Vitu walivyovizoea hadi wakaacha kuviona. Basi na sisi tukianza kutazama, tuanzie hapa tulipo. Nitawatajia mahali patatu.

KWANZA: JUU YA PAA

Gorofa zetu nyingi zina paa tunapoanika nguo. Baada ya daku na swala ya Alfajiri, badala ya kurudi kulala au kushika simu, panda juu siku moja. Chagua asubuhi ya anga safi, mvua ikiwa imenyesha jana yake, au miezi ya Januari na Februari. Tazama kaskazini. Utauona Mlima Kenya wenye mita 5,199, ncha zake nyeusi na weupe kidogo wa theluji, ingawa uko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Geuka mashariki kidogo, utaona kilima kimoja kimesimama peke yake: ndicho Kilimambogo. Geuka kusini magharibi, nyuma ya majumba ya mjini, utaona vilima vya Ngong vimejipanga kama vifundo vya ngumi.

Kisha ngoja jua litoke uwaone mwewe. Hakuna mtaa wenye mwewe kama wetu, machinjio ndiyo yanayowaita. Tumezoea kuwafukuza wasinyakue nyama. Hebu siku moja mtazame mmoja tu. Hapigi mabawa ovyo. Anaueleza mwili juu ya upepo, anapinda mkia kushoto, anapinda kulia, kama dereva na usukani, anapita katikati ya nyaya za stima bila kugusa hata moja. Mtalii analipa pesa nyingi kwenda kumwona ndege wa namna hiyo. Wewe yuko juu ya kamba yako ya nguo.

Na si hapo hapo juu ndipo tulipopanda kuutafuta mwezi mwandamo? Watoto wote walikuwa juu, wazee wananyoosha vidole, kila mtu anasema ameuona. Usiku ule hakuna aliyesema Kiamaiko ni pabaya.

PILI: MTO

Jina la jiji letu limetokana na maji. Wamaasai walipaita mahali hapa kwa jina lenye maana ya maji baridi, kabla reli haijafika mwaka 1899. Kwa hivyo ukisema "Nairobi" unataja mto, hata kama hujui.

Sasa ufuate Mto Mathare kutoka nyuma ya nyumba zetu. Unateremka mashariki na kuingia Mto Nairobi. Mto Nairobi unapita Dandora, unaendelea hadi kuingia Mto Athi. Athi unaporomoka pale Fourteen Falls, karibu na kile Kilimambogo tulichokiona kutoka juu ya paa. Kutoka hapo unakata nchi ya Ukambani, unaingia mbuga ya Tsavo Mashariki ukiitwa Galana, ndovu na viboko wanakunywa humo. Mwishowe unaitwa Sabaki, na unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Ni mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana.

Umeona? Wewe unayetamani kwenda Pwani, maji ya mtaani kwako yanakwenda Pwani kila siku. Na mfuko wa plastiki unaoutupa leo unaweza kufika baharini kabla yako. Mvuvi wa Malindi hakujui, lakini kazi ya mkono wako inamfikia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tusifanye israfu ya maji hata tukiwa tunatawadha kwenye mto unaopita. Na ametuonya juu ya mtu kujisaidia penye maji ya watu, njiani, na kwenye kivuli wanachopumzikia. Maji, njia na kivuli. Angalieni mtaa wetu, kisha kila mtu ajiulize.

TATU: MSITU WA KARURA

Ukitoka hapa ukashika Thika Road hadi Muthaiga, ukaingia Kiambu Road, utafika kwenye geti la msitu wa Karura. Kijana mwenye nguvu anakwenda kwa miguu, na ni msitu wa hekta takriban 1,000. Ndani kuna maporomoko ya maji, kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, kuna kima na kuna vipepeo. Na mle ndani unapita Mto Gitathuru, ambao ukitoka huko unashuka kuja upande huu wetu wa Eastlands. Nendeni mkautazame vile unavyofanana ukiwa bado hujafika kwa watu. Ni maji haya haya.

Msitu ule nusura upotee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wakubwa walikuwa wamegawiwa vipande vyake wajenge. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti, na Januari 1999 alipigwa na walinzi hadi akaumia kichwani. Hakurudi nyuma. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011, na sisi leo tunaingia na watoto wetu kwenye kivuli alichokipigania.

Mama yangu ameishi Nairobi zaidi ya miaka 40. Mara ya kwanza kuingia Karura ni siku nilipompeleka mimi, Idd moja. Mnajua alichofanya? Alivua viatu akatembea juu ya nyasi. Akaniambia, "Sikukanyaga nyasi toka niolewe." Nilikosa la kusema. Sisi wavulana tunazunguka, tunakwenda City Park, tunakwenda Arboretum, tunapanda gari hadi geti la mbuga ya Nairobi. Mama na dada wanabaki jikoni wakitukaangia sambusa. Ndugu zangu, Idd hii msiende peke yenu. Nendeni na kina mama, na dada zenu, na watoto.

Sasa kuna wenye swali, naliona kwenye nyuso. "Kaka, watu hawana kodi ya nyumba, wewe unatuletea habari za mwewe na miti?"

Ni swali la haki. Jibu langu ni hili. Asiyetazama mto wake, siku moja mto utamtafuta. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba moja la gorofa liliporomoka hapo Huruma. Lilikuwa limejengwa karibu na mto. Walikufa watu karibu 50. Tuliwasaidia kuchimba kwa mikono. Miaka minane baadaye, Aprili 2024, Mto Mathare ulifurika ukabeba nyumba na watu. Kisha ikatoka amri kwamba wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na tingatinga zikaja. Wako hapa mlioamka na nyumba mkalala bila nyumba. Mto uliojazwa taka na kubanwa na majengo hauna pa kupitia. Ukijaa, unapita kitandani kwa maskini. Kwa hivyo habari ya mto ndiyo hiyo hiyo habari ya nyumba.

Na watoto wetu je? Wanacheza wapi? Wanacheza kati ya magurudumu ya malori na mitaro. Mtoto asiyekuwa na mahali pa kucheza anatafuta kona. Na kwenye kona kuna nini, nyinyi vijana mnajua kunishinda.

Lakini mtaa unaweza kubadilika, na si lazima tungoje mtu wa nje. Jirani zetu hapo Korogocho, vijana wa Komb Green waliuchukua ukingo wa Mto Nairobi uliokuwa jaa la taka, wakazoa, wakapanda miti na maua, wakaufanya bustani watoto wanapocheza. Baadhi yao, kwa maneno yao wenyewe, walikuwa wametoka kwenye maisha ya uhalifu. Hawakuwa na shahada wala wafadhili walipoanza. Kule karibu na Globe pia palikuwa pachafu kupindukia, mpaka mwaka 2008, Waziri Michuki akiwa Mazingira, pakasafishwa pakawa bustani. Mto hauweki kinyongo. Ukiuacha upumue, unarudi.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne tu.

La kwanza, kila mmoja wetu atenge asubuhi moja katika mwezi huu, apande juu ya paa au ateremke mtoni, atazame robo saa. Bila simu. Amshukuru Mola wake kwa alichokiona, kisha ajiulize yeye amekichangia nini.

La pili, sisi watu wa machinjio. Naongea kama mmoja wenu. Tukae na wenye bucha na wazee wa soko, tukubaliane uchafu utakusanywa wapi na nani atauondoa. Samadi ya mbuzi ni mali, wakulima wanainunua. Tunamwaga pesa mtoni halafu tunalia hatuna pesa. Na kijana anayetumwa usiku na ndoo asilaumiwe peke yake. Muulizeni aliyemtuma.

La tatu, miche. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, akala hapo ndege au mtu au mnyama, anaandikiwa sadaka. Ploti zetu ni nyembamba, lakini ukingo wa mto uliobomolewa uko wazi. Tusipopanda sisi, mtu mwingine atajenga tena, na mto utarudi tena. Lakini msipande kama watu wa kupigwa picha, mti unataka maji kila siku. Kila mche uwe na jina la kijana anayeuangalia.

La nne, siku ya pili ya Idd, tukijaaliwa, tutoke familia nzima twende Karura. Asubuhi, kwa kundi, chakula tukibebe wenyewe na taka turudi nazo. Asiye na nauli aseme, ataenda na sisi.

Namalizia. Nyanya yangu alirudi Marsabit macho yake yakiwa yamepona kiasi. Alifariki miaka mitano baadaye, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila nilipompigia simu, baada ya salamu, aliniuliza habari za mama, halafu habari za mbuzi, halafu aliniuliza, "Na mto wenu hujambo?" Nilikuwa nacheka. Ningekuwa na simu ya kumpigia leo, ningependa niwe na jibu zuri.

Na wewe ndugu msomaji, popote ulipo, iwe Majengo, Kibera, Mombasa au Garissa, una mto wako, au kilima chako, au mti mmoja uliobaki. Mtu akikuuliza hali yake, utamjibu nini?

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu, tusamehe tulichokiharibu kwa mikono yetu, na utupe nguvu ya kukitengeneza. Warehemu waliotutangulia na waliochukuliwa na maji. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.